DISKI IKIKATAA KUTAMBULIWA: LA KUFANYA NA LA KUACHA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya Kitale na Bungoma. Inachapwa hapa kwa faida ya wale ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika.



Nimeombwa nieleze habari za zile diski za nje ambazo matawi yetu huwekea maandishi ya chama, na hasa nini kifanyike siku ile diski inapochomekwa na kompyuta ikakataa kuitambua. Mimi si msomi wa kompyuta. Ni fundi wa stima tu, na kazi hii nimejifunza kwa kutengeneza vitu vya watu. Mengine nimejifunza kwa kuharibu. Basi nitaanza na lile nililoharibu.

KOSA LANGU LA KITALE

Miaka kadhaa iliyopita tawi letu la Kitale lilikuwa na diski moja tu. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha michango ya matanga: nani ametoa, ametoa lini, nani amefiwa, na nani amelipwa. Jioni moja, baada ya mvua kubwa na stima kupotea na kurudi mara tatu, karani alichomeka diski ile. Kompyuta ikaandika kwamba ni lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumiwa. Nikaitwa.

Nilisoma maneno yale nikadhani kompyuta inajua kuliko mimi. Nikabonyeza. Palikuwa na alama ndogo ya vema iliyosema kwamba kazi ifanywe kwa haraka. Sasa mimi nimelelewa kwamba haraka haraka haina baraka. Nikaiondoa alama ile ili kompyuta ifanye kazi polepole na vizuri. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokizika kitabu chetu.

Sikilizeni maana yake. Chukueni diski kuwa ghala la mahindi. Mlangoni pana daftari linalosema gunia la fulani liko safu gani. Siku ile ya mvua, daftari tu ndilo lililolowa. Magunia yote yalikuwamo ndani, mazima. Kufomati kwa haraka ni kulitupa daftari la zamani na kuweka jipya tupu. Magunia bado yapo, na fundi mwenye subira aweza kuyapata. Lakini kufomati kwa polepole, katika Windows za miaka hii, ni kupita gunia kwa gunia na kumwaga yote. Mimi nilichagua kumwaga.

Mama mmoja mjane alikuwa akingoja malipo ya matanga wiki hiyo. Ilimbidi akope mbao za jeneza. Alingoja mpaka tulipokiandika kitabu upya kwa risiti za karatasi na ujumbe wa M-Pesa uliobaki katika simu za wanachama, mmoja mmoja. Hakunilaumu hadharani, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Basi neno langu la leo ni moja, na mengine yote ni matawi yake: diski isiyotambuliwa mara nyingi haijafa. Kinachoua maandishi ni mikono yetu inayotaka kutengeneza kabla ya kunakili. NAKILI KWANZA, TENGENEZA BAADAYE.

DISKI NI KITU GANI

Diski ya nje ni kisanduku chenye vitu viwili. Kuna diski yenyewe, na kuna kibao kidogo cha stima kinachoyapitisha maneno ya diski katika waya wa USB. Yaweza kuwa kilichoharibika ni waya, au tundu, au kibao kile, na diski yenyewe ikawa nzima kabisa.

Diski ya kuzunguka ni kama santuri. Ndani mna visahani, na katika diski nyingi za ukubwa wa mfukoni huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake hupita kichwa cha kusomea. Lakini sindano ya santuri hugusa, na kichwa hiki hakigusi. Huelea katika nafasi iliyo nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Chembe moja ya vumbi kwake ni jiwe kubwa njiani. Ndiyo sababu diski haifunguliwi juu ya meza ya ofisi, hata fundi akisema ana mkono mwepesi.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja upana wa inchi 24, na uzito wake ulipita tani nzima. Pamoja na ukubwa huo iliweka herufi milioni 5 tu. Leo picha moja au mbili za simu zatosha kuijaza. Leo twabeba maandishi ya tawi zima katika mfuko wa koti, na tukiuacha mfuko huo katika matatu, tumeacha tawi zima.

Iko na aina nyingine isiyozunguka, isiyo na sauti. Hiyo yavumilia kuanguka kuliko ile ya kwanza. Lakini faili zikifutwa ndani yake, huenda diski yenyewe ikasafisha nafasi zile mara moja, wala hapana fundi wa kuzirudisha. Tena haipendi kulala kabatini miaka mingi bila kuchomekwa.

SIMU KUTOKA BUNGOMA

Sasa nawaeleza jambo lililofanywa vizuri, na aliyelifanya vizuri si mimi bali karani wa Bungoma.

Wafanya kazi 11 walikuwa wamefukuzwa bila notisi. Jina la mwajiri sitalitaja hapa, kwa kuwa shauri ni la mahakama. Chama kilikuwa kimekusanya vipande vya mishahara vilivyopigwa picha, barua, na kumbukumbu za vikao. Vyote vilikuwa katika diski moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa miaka 3 tangu siku ya kosa kufanyika. Ikipita, mlango wafungwa. Kwa hesabu yetu zilibaki siku 9.

Karani alinipigia simu usiku. Alisema, “Mzee, nimechomeka diski, taa inawaka, lakini kompyuta inasema tuifomati.”

Nikamwuliza, “Umebonyeza nini?”

Akajibu, “Sijabonyeza kitu. Nimefunga lile dirisha, nikaichomoa. Nilikumbuka habari ya mama wa Kitale.”

Ndugu zangu, neno lile ndilo lililookoa shauri. Alfajiri nilipanda matatu, nikapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na saa nne asubuhi nilikuwa Bungoma. Tukafanya kazi kwa utaratibu huu, nami nawaombeni kila tawi liunakili na kuubandika ukutani.

1. Sikiliza kabla ya kutazama. Weka sikio karibu na diski. Ukisikia mvumo laini, ni vyema. Ukisikia ta-ta-ta, au mkwaruzo, au inaanza kuzunguka na kusimama, ichomoe mara moja wala usirudie. Hapo kichwa cha kusomea ni kigonjwa, na kila dakika ya kuzunguka yaweza kukwaruza maandishi. Diski ya Bungoma ilivuma sawasawa.

2. Badili waya. Waya hukatika ndani bila kuonekana nje, na tundu la diski hulegea kwa kuchomekwa kila siku. Tafuta waya mwingine wa aina ile ile, mfupi na mzima.

3. Tazama nguvu ya stima. Diski ya mfukoni hulishwa na kompyuta kwa waya ule ule wa USB. Tundu la USB la zamani huahidi miliampea 500, na lile jipya la USB 3.0 huahidi 900. Diski isiyoshiba huwasha taa na isizunguke. Basi chomeka katika kompyuta yenyewe, usipitie kwenye kigawanyo cha matundu mengi. Diski kubwa ya mezani ina adapta yake ya ukutani. Usiazime adapta ya kitu kingine kwa kuwa tu inaingia. Volti zikizidi, kibao chaungua.

4. Jaribu kompyuta nyingine. Ikitambuliwa huko, mgonjwa ni kompyuta yako, si diski. Yetu ilikataa kote, hivyo tukaendelea.

5. Tazama kama kompyuta inaiona hata kama haiifungui. Katika Windows bonyeza kwa kitufe cha kulia alama ya Windows iliyo chini, uchague Disk Management. Hapo diski zote zimeorodheshwa. Diski ikiwapo kwa ukubwa wake wa haki lakini haina herufi, mpe herufi, na huenda kazi ikaishia hapo. Ikiandikwa RAW, yaani mbichi, maana yake ni kwamba daftari la mlangoni halisomeki. Kompyuta ikitaka uifomati au uianzishe upya, kataa. Ikiwa haimo kabisa katika orodha baada ya waya na kompyuta kubadilishwa, ni kazi ya fundi.

Yetu ilikuwamo kwa ukubwa wake wote, nayo iliandikwa RAW. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa ana homa na si kaburi.

KUNAKILI KABLA YA KUTENGENEZA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husikia kwamba Windows ina amri ya kukagua na kurekebisha diski, nayo huitwa chkdsk, wakaiendesha papo hapo. Amri ile hutaka kuisawazisha diski. Kuokoa barua zako si kazi yake. Katika diski dhaifu yaweza kutupa vipande ambavyo bado vingepatikana.

Sisi tulinunua diski mpya, kubwa kuliko ile ngonjwa. Mweka hazina alitoa pesa siku ile ile, naye astahili shukrani. Tukaiwasha kompyuta kwa Linux iliyo katika kijiti cha USB, na tukatumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Kazi yake ni kunakili diski nzima, tundu kwa tundu, ikianza na sehemu nzima na kuziacha zile mbovu mpaka mwisho. Huandika na ramani ya pale ilipofika. Saa nane usiku stima ilipotea. Ilipowaka asubuhi, tuliianzisha tena, ikasoma ramani yake na kuendelea pale ilipokomea.

Onyo moja kubwa: programu hii huuliza kipi ni cha kunakiliwa na kipi ni cha kupokea. Ukizigeuza, utaandika utupu wa diski mpya juu ya maandishi ya chama. Andikeni katika karatasi, mmoja asome na mwingine aandike, kama mafundi wawili wanavyozima swichi kubwa kabla ya mmoja kugusa waya.

Nakala ilipokwisha, tuliichomoa diski ngonjwa tukaifunga kwa kitambaa, tukaandika tarehe juu yake. Hatukuigusa tena. Kazi yote iliyofuata ilifanywa juu ya nakala.

Kwa kulitafuta daftari tulitumia TestDisk, nayo ni ya bure. Yaweza kulipata daftari la akiba, kwa maana diski huweka nakala ya baadhi ya maandishi yake ya mlangoni. Ikishindikana, iko PhotoRec, iliyotolewa pamoja nayo. Hii haijali daftari; hupita ghalani ikifungua magunia na kusema haya ni mahindi, haya ni maharagwe. Hupata picha na barua, lakini majina ya faili hupotea, na utakaa siku nyingi kusoma moja moja. Faili zote zilizopatikana huwekwa katika diski nyingine, kamwe si katika ile iliyonakiliwa.

TestDisk ilituonyesha faili zetu. Barua mbili zilikuwa katika sehemu mbovu, hazikusomeka. Moja aliileta mzee mmojawapo wa wale 11, kwa karatasi, kutoka sanduku lake la bati chini ya kitanda. Nyingine hatukuipata. Shauri liliingizwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Bungoma kabla ya siku kwisha. Yaliyobaki ni ya mahakama.

MAPISHI YA UONGO

Nimesikia watu wakisema diski itiwe katika friji. Msifanye hivyo, ikitoka hutoa jasho, na maji katika visahani ni msiba. Wengine huigonga kwa kiganja ili iamke. Ungemgonga hivyo mtoto mgonjwa? Wengine huitoa diski katika kisanduku chake na kuichomeka moja kwa moja. Hilo laweza kufaa kama kibao cha USB ndicho kibovu, lakini diski nyingine zina tundu la USB katika mwili wake wenyewe. Tena nyingine hufumba maandishi kwa kibao kile kile, hata bila wewe kuweka neno la siri. Ukiitoa, utasoma takataka tu.

UKIENDA KWA FUNDI

Diski inayogonga, iliyoanguka ikizunguka, au iliyoingia maji, ipelekwe kwa fundi mwenye vyombo na chumba kisicho na vumbi. Kazi hiyo mara nyingi ni ghali kuliko diski mpya, basi kamati iamue kama maandishi yale yanastahili. Ulizeni bei kwanza, na iandikwe.

Tena kumbukeni kilichomo ndani. Mna nambari za vitambulisho, majina ya wake, waume na watoto, na mishahara. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatutaka tuyalinde maelezo hayo. Si halali kumwachia kijana wa kibanda diski ya chama tukaenda kunywa chai. Na diski iliyozeeka isiuzwe sokoni; ivunjwe mbele ya mashahidi wawili.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA

Mwanachama mmoja aliniambia, “Hayo ni mambo ya makarani. Mimi nataka mshahara.” Namjibu hapa. Sheria ya Ajira yamtaka mwajiri aweke maandishi ya wafanya kazi wake, na masharti ya kazi ya mtu ayahifadhi miaka 5 baada ya mtu huyo kuacha kazi. Mwajiri akishindwa kuyaleta katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti hayo wamwangukia yeye. Hiyo ni ngao nzuri. Lakini akileta maandishi yake, nawe huna yako, mahakama itasoma ya nani?

Viwanda navyo hufungwa. Watu wa hapa wakumbuka Webuye, kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009. Siku kama hiyo ofisi hufungwa kwa kufuli na karatasi zikabaki ndani. Mfanya kazi hubaki na kile alichokiweka mwenyewe na kile ambacho chama kimemwekea.

Tena Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hukubali maandishi ya kompyuta mahakamani yakiambatana na cheti cha mtu aliyehusika na chombo hicho. Kwa hiyo kila tawi liwe na daftari la karatasi: diski ilinunuliwa lini, nani ameishika, nani ameichomeka, iliharibika lini, nani aliinakili. Karani wa Bungoma aliandika yote hayo, saa kwa saa.

NINALOPENDEKEZA

Mafundi wa kompyuta wana kanuni: nakala tatu, za aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Sisi twaweza kuitimiza bila gharama kubwa.

Kwanza, nakala moja iwe katika kompyuta ya ofisi, na mbili katika diski mbili. Yale makubwa, kama mapatano na barua za kufukuzwa, yachapwe na katika karatasi.

Pili, diski moja ya Kitale ilale Bungoma, na moja ya Bungoma ilale Kitale. Tukutanapo kila mwezi, makarani wabadilishane. Mvua ya Kitale haitanyesha katika kabati la Bungoma siku hiyo hiyo.

Tatu, siku ya kubadilishana, diski ifunguliwe na faili moja isomwe mbele ya kamati. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu, nasi tumezoea kupewa ahadi.

Nne, kabla ya kuichomoa, diski iagwe kwa utaratibu katika kompyuta, na mawingu yakikusanyika jioni, ichomolewe kabisa.

Tano, kila mwanachama aweke vipande vyake vya mshahara katika sanduku lake, kama yule mzee wa sanduku la bati. Chama hakiwezi kukumbuka yote peke yake.

Bwana Mwenyekiti, yule mama wa Kitale alilipwa mwishoni, shilingi zote. Nilimpelekea mwenyewe, nikamwomba radhi. Aliniambia, “Fundi, mara nyingine uulize kwanza.” Nami naliacha neno lake kwenu. Kompyuta ikikutaka ubonyeze nawe hujui, ondoa mkono, uchomoe, uulize. Maandishi yaliyongoja miaka mitatu yaweza kungoja mpaka asubuhi.

Umoja ni nguvu.